Sahihi ya Sikio

Chungho, 6 Agosti

Kwa Fundi Tu,

Shikamoo Fundi. Natumaini barua hii imekukuta mzima, wewe na Mama Hui. Ujumbe wa simu huutaki, na mimi sitaki kampuni ichungulie ninachokuandikia, kwa hiyo nimenunua karatasi na stempu kama mchumba wa zamani. Mwandiko wangu unaujua, usinicheke.

Tangu ustaafu mwishoni mwa Juni, chumba kimya cha kupimia kelele kimepooza. Hakuna anayevua viatu mlangoni tena, watu wanaingia na soli zao zikilia kama bata. Meza yako wamenipa mimi. Sikuiomba, Fundi. Meneja Kang alinijia na chai yake ya maziwa mkononi akasema, "Hongera, A-Ju. Sasa wewe ndiye sikio la kampuni." Nikamwambia sikio la kampuni liko Chihshang linapanda mpunga. Akacheka. "Lile? Lile lilishakufa, ni vile tu halijazikwa." Nakuandikia kama alivyosema, maana ulinifundisha kutopunguza kipimo hata kikiuma.

Kuhusu zile kadi za picha za kompyuta, imeamuliwa. Watauza Mfupi wa feni mbili kwa wenye mfuko mdogo, na Mrefu wa feni tatu kwa wacheza michezo ya kompyuta. Mnene wako hayumo. Chipu ya kuchora picha ni moja kwa wote watatu, tofauti ni jinsi ya kuipoza tu, lakini yale mabomba yako nane ya shaba na zile feni mbili pana za mwendo wa pole Meneja anaziita "sufuria ya mchuzi". Sampuli zimebaki mbili kabatini. Zitasagwa mwisho wa Septemba.

Ripoti ya tarehe 12 Juni bado iko kwenye faili. Mfupi: nyuzi 79, desibeli 44. Mrefu: nyuzi 72, desibeli 39. Mnene: nyuzi 87, desibeli 49. Chini kuna sahihi mbili, kama kawaida yetu, moja ya mita ya kelele na moja ya sikio. Ya mita ni yangu. Ya sikio ni yako, na pembeni umeandika neno moja: "Tulivu." Watu wanaipigia picha hiyo karatasi na kucheka, Fundi. Nimeificha chini ya faili nyingine.

Mwanafunzi wako,
Pan Yun-ju

*

Chihshang, 13 Agosti

A-Ju,

Marahaba. Mwandiko wako ni wa kuku, ila kuku mwenye adabu. Kiti hicho kikalie bila wasiwasi. Kingepewa mtu mwingine ningeumia zaidi.

Hiyo karatasi usiifiche. Niliandika nilichosikia. Nilisimama nje ya kioo na hedifoni masikioni, ninyi mkakunja nyuso, na mimi nikasikia upepo wa pole kama wa dirishani. Mita ikasema 49. Kwa miaka thelathini na moja sijapishana na mita kwa zaidi ya desibeli moja. Niliondoka pale nikijiona mtu aliyejikojolea mbele za watu.

Sasa nikuambie jambo ambalo ofisini hawalijui, na usiwaambie. Sikio langu la kulia lilibaki kwenye mizinga ya jeshi kule Kinmen, hilo unalijua. Mwezi uliopita hospitali ya Hualien wameona uvimbe nyuma ya la kushoto, ukubwa wa mbegu ya tunda la longan. Ukiachwa utabana ubongo. Ukitolewa, unaondoka na mshipa wa kusikia. Daktari hakuzunguka: baada ya upasuaji sitasikia kitu, hata radi ikipiga uani.

Alitaka kunipasua mwezi huu. Nimemwomba anisubiri hadi mwisho wa Oktoba, na Mama Hui hajanisamehe. "Unabembelezana na kifo kwa ajili ya feni?" ameniuliza. Nikamwambia ndiyo.

Ninachokuomba ni kimoja. Mpime Mnene tena, peke yako, chumba kikiwa safi. Kisha nitumie sampuli moja niisikie kwa karibu, bila kioo, kabla sikio halijaondoka. Miaka miwili ya maisha yangu imo ndani ya chuma kile. Kama ni kibovu kweli, basi nilikuwa nimeshaoza na sikujua, nitakubali. Kama si kibovu, kuna kitu kiliingia chumbani siku ile. Nataka kulijua hilo nikiwa bado nasikia.

Tu Jung-fa

*

Chungho, 19 Agosti

Fundi wangu,

Barua yako nimeisomea chooni ili nilie bila kuulizwa. Nitafanya. Hilo usiliwazie tena.

Jumatatu ijayo chumba ni changu kutwa nzima. Nitampima Mnene mara tatu, kwenye kasha lilelile la kompyuta na kwa mzigo uleule wa kazi wa nusu saa, kisha nitamfunga kwenye sponji na kumtuma kwa posta ya haraka. Meneja akiuliza, nitasema ameshasagwa.

Jana ilikuwa sadaka ya mwezi wa mizimu. Uani zilipangwa meza kumi: bia, tambi, matunda, na katoni za ile mifuko ya kijani ya vitafunwa vya mahindi. Leo kila mashine humu imewekewa mfuko wake kichwani ili itulie isilete ukorofi. Wa kijani tu, wa njano ni balaa, na tarehe isiwe imepita. Hata mashine ya kuuzia kahawa inao. Nimekukumbuka ulivyokuwa ukitutania: "Mashine haina tumbo, ina mapafu. Mnailisha ya nini?" Tulikuwa tukicheka, na ukigeuka tu tunaiweka.

Vumilia, Fundi. Nakuletea kadi yako.

A-Ju

*

Chihshang, 10 Septemba

A-Ju,

Wiki tatu zimepita. Nimekutumia kilo tano za mchele wa mavuno ya Julai, nadhani umefika. Pengine kazi zimekuzidi, najua uzinduzi ulivyo.

Nakupa ripoti yangu. Tarehe 22 Agosti niliwapoteza vyura. Wamo mfereji mzima, nawaona koo zinavyotuna, lakini sauti hakuna. Tarehe 30 ikaondoka ile "tak" ya sufuria ya umeme wali ukiiva. Mama Hui sasa ananigusa bega. Wiki iliyopita zimeondoka herufi kali zote, kwa hiyo akiongea haraka namsikia kama mtu aliyejifunika blanketi. Anasema itafika siku atanisengenya mbele yangu na kunimiminia chai papo hapo. Alisema hivyo akacheka, kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Feni bado naisikia. Nimeweka ya mezani hapa, naiwasha kila asubuhi na kujipima nayo. Sauti nene za chini zimebaki, na Mnene ni wa sauti za chini. Kwa hiyo nafasi ipo, ila si kubwa.

Matokeo yakiwa mabaya niandikie vilevile. Sikukufundisha kuniandikia mazuri tu.

Tu Jung-fa

*

Chungho, 21 Septemba

Kwa Fundi Tu,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Mchele umefika, asante sana.

Nilimpima Mnene tarehe 26 Agosti kama tulivyokubaliana. Matokeo ni yaleyale ya Juni, yamepishana kwa nukta tu. Kuhusu sampuli, Meneja aliamuru zisagwe mapema na sikuwahi kuokoa hata moja.

Tarehe 25 naenda kiwandani Tungkuan kusimamia uzalishaji wa Mrefu, nitarudi tarehe 10 Oktoba. Nisamehe, Fundi. Tafadhali msikilize daktari.

Pan Yun-ju

*

Chihshang, 27 Septemba

A-Ju,

Nimeipata. Najua uko ng'ambo, barua hii itakusubiri mezani.

Asante kwa kunipa kipimo bila kukipaka sukari. Nimekaa na karatasi yako siku mbili. Jambo la ajabu ni kwamba sikukasirika, niliona aibu tu, aibu ya mtu mzima aliyewasumbua watu. Miaka miwili nilimwambia Meneja Kang kwamba feni za haraka ni za wavivu, kwamba chuma kinene na upepo wa pole vinatosha. Nilimfokea mbele ya vijana wake. Humu ndani ya bahasha kuna barua ya kumwomba radhi. Mpe kwa mkono wako. Nimeandika kwamba ripoti ya mita ni sahihi na neno "Tulivu" lifutwe.

Medali ya ufundi mliyonipa mwaka wangu wa ishirini kazini nimemwambia Mama Hui aifungie kabatini. Feni ya mezani nimeizima. Sina tena cha kusubiri kusikia, kwa hiyo leo nimempelekea daktari ujumbe kwamba yuko huru. Kitanda kikipatikana tu, nakwenda. Mama Hui amefurahi, na hilo ni faida.

Usijilaumu kwa sampuli. Ulijaribu.

Tu Jung-fa

*

Chungho, 11 Oktoba

Fundi,

Nimerudi jana jioni, leo asubuhi nimeikuta barua yako. Nimepiga simu ya Mama Hui mara sita, haipokelewi. Naandika haraka na sitaandika upya, kwa sababu nikiandika upya nitapunguza.

Nilikudanganya. Sampuli hazijasagwa hata moja. Moja iko ndani ya sanduku hili. Matokeo ya tarehe 26 Agosti ni haya: Mnene, nyuzi 66, desibeli 31. Nilipima mara tatu, mara tatu 31. Mrefu, kwenye kasha hilohilo siku hiyohiyo, 39. Mnene ni kadi bora kuliko zote zilizopita kwenye chumba kile, na nimekaa nalo hilo wiki saba.

Siku ile ya Juni kitu kiliingia chumbani kweli. Nilikiingiza mimi. Mfupi na Mrefu walipimwa kwanza, na nilipokuwa namfunga Mnene kwenye kasha nilikaza kila skrubu mara mbili, maana ni wako. Nikachukua mfuko wa kijani nikauweka juu ya kasha. Kwa wengine sikuweka. Niliuweka kwake tu, atulie, asituaibishe. Nikauweka juu ya matundu, Fundi, palepale joto linapotokea. Mfupi na Mrefu wanatolea nyuma, Mnene anatolea juu. Kipimo kilipoisha niliuondoa kabla Meneja hajaona chakula kwenye chumba cha kupimia. Ulikuwa wa moto kama andazi linalotoka jikoni, na mimi nikajiambia, "Masikini Fundi, kadi yake inachemka kweli."

Agosti nilipoona 31 nilidhani mita imeharibika. Ndipo nikaukumbuka mfuko. Nikauweka: dakika kumi na mbili, nyuzi 87, desibeli 49. Nikautoa, akatulia. Nikakaa sakafuni.

Unajua kwa nini sikusema? Nilishakalia kiti chako. Mama yangu kule Chiayi alishawaambia majirani wote kwamba binti yake ni mkuu wa maabara. Nikasema nitakuandikia kesho, na kesho ikawa wiki. Halafu ukaandika kuhusu vyura. Baada ya hapo kila siku niliyochelewa iliongeza kitu cha kuungama, hadi uongo ukawa mwepesi kuliko kweli. Na uongo wenyewe nikauandika kwa mistari minne.

Meneja sijamwambia. Barua yako ya radhi iko mfukoni mwangu, sijampa na sitampa.

Ningeweza kupanda treni ya asubuhi nikafika kwenu kabla ya chakula cha mchana. Sina uso. Nimekwenda posta, nimelipia ya haraka. Kama bado hujapasuliwa, iwashe leo hii, acha kusoma.

Yun-ju

*

Chihshang, 17 Oktoba

Yun-ju,

Kifurushi kilifika tarehe 12 mchana. Jirani alikipokea, sisi tulikuwa Hualien. Mume wangu alipasuliwa tarehe 7. Uvimbe umetoka wote, anakula uji, anatembea akishika ukuta. Hasikii chochote.

Barua yako niliisoma mimi kwanza. Nilitaka kuichoma jikoni. Mwaka jana ulikula hapa sikukuu ya mwezi, ukalala kwenye kitanda cha binti yetu, nikakufungia mabalungi urudi nayo. Alikusubiri, wewe. Kila baiskeli ya posta ikipita alitoka, na honi alikuwa haisikii tena, alikuwa anachungulia tu.

Sikuichoma. Nimempa jana. Ameisoma mara mbili, akaikunja, akaomba aletewe kadi. Nimemwambia apone kwanza. Usipige simu.

Lo Hui-niang

*

Chihshang, 9 Novemba

A-Ju,

Mkono bado unayumba, soma polepole.

Jumapili nimemwasha Mnene. Kompyuta ya zamani ya binti yangu, kasha wazi, juu ya meza ya chakula. Nilimpa mzigo wa nusu saa. Muda wote nilikuwa nimeweka kiganja pembeni mwa chuma. Kilipata joto la mtu mwenye homa ndogo, kikaishia hapo. Feni ziligeuka nikaziona. Hazikutetemesha kitu, hata maji kwenye glasi.

Mama Hui alikaa upande wa pili na daftari, maana ndivyo tunavyoongea siku hizi. Nikamuuliza, "Kelele?" Akaandika: "Hamna." Nikamwambia asogee. Akasogea, akaandika: "Hamna, mzee, mbona unanisumbua." Nikamwambia ainamishe sikio mpaka nywele ziguse feni, anitajie kila anachokisikia. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akaandika: "Nasikia vyura. Nasikia pikipiki ya Lao Ku wa jirani. Nasikia unavyopumua." Kadi hakuitaja. Nikamzima Mnene, nikatoka nje, nikalia kwa mara ya kwanza tangu Juni. Ameniambia nilikuwa nalia kwa sauti kubwa hadi jirani akaja. Mimi sikujua.

Kwa hiyo ilikuwa tulivu. Sikio lilikuwa linakufa, na mikono ilikuwa mizima. Yote mawili yalikuwa kweli. Ningeyajua Agosti, ningekuwa na wiki sita za kuisikiliza. Ningeiwasha kila asubuhi badala ya ile feni ya mezani.

Mfuko nimekusamehe siku niliyosoma. Ulifanya kwa mapenzi, na mimi nilikuwa fundi mkuu; kukagua juu ya kasha ilikuwa kazi yangu, na kwa kuwazoea sikukagua. Barua ya tarehe 21 Septemba bado sijaweza. Najaribu. Naifungua asubuhi, naifunga. Sijui itachukua muda gani na sitakudanganya kwamba najua.

Humu ndani kuna fomu yetu ya ripoti, nilikuwa nimebakiwa na chache. Nimeijaza. Kadi: Mnene, sampuli ya pili. Mahali: meza ya chakula, Chihshang. Kwenye sahihi ya sikio ameweka sahihi Lo Hui-niang, mkulima, na pembeni ameandika kwa mkono wake, "Tulivu." Mwandiko wake ni mzuri kuliko wako.

Sahihi ya mita nimeiacha wazi. Hapa sina mita, unayo wewe, na wewe ndiye uliyeona 31. Andika namba zote, za mfuko ukiwepo na za mfuko usipokuwepo. Tarehe uweke ile ya kweli, 26 Agosti, ionekane umekaa nazo tangu lini. Usinirudishie mimi. Mpelekee Meneja Kang, umpe mkononi, umsubiri aisome mbele yako.

Halafu uniandikie alichosema. Neno kwa neno, bila kupunguza.

Tu Jung-fa